Safari ya Majini ya Wastaafu wa Arua na Koboko

Kutoka Arua hadi pwani ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,500, na mtoto wa Koboko aweza kukua, akaoa na kuzeeka bila kuonja maji ya chumvi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za sehemu hizo hutajwa babu mmoja aliyeitumikia bunduki, na ambaye siku zake za mwisho za utumishi zilipita juu ya maji, akirudi nyumbani.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, mtu akiisha kustaafu huweza kuuza nyumba yake, akanunua mashua ya matanga, yeye na mkewe wakatokomea baharini miaka kadhaa. Mzee Francis Chichester wa Uingereza alikuwa na umri wa miaka 65 alipomaliza, mwezi Mei 1967, kuizunguka dunia peke yake katika mashua iliyoitwa Gipsy Moth IV, akiwa ametia nanga mahali pamoja tu, Sydney. Watu wa namna hiyo huiacha nyumba ili waione bahari. Askari wa West Nile walikuwa wamekwisha kuiona bahari kwa amri, nao walitamani nyumba.

Bahari yenyewe waliivuka katika Vita Kuu ya Pili. Vikosi vya 4, 34 na 44 vya King's African Rifles, vyote vya Uganda, vilikuwamo katika Divisheni ya 11 iliyopelekwa Ceylon, kisha Burma mwaka 1944. Haikuwa safari ya starehe. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache pamoja na watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo aliyeshuka Mombasa salama baada ya vita alikuwa na haki ya kudhani kwamba maji yamekwisha. Kumbe bado! Kwa mtu wa Koboko yalibaki maziwa mawili na mto mmoja.

Njia ilikuwa hivi. Kutoka Jinja palikuwa na reli iliyofunguliwa mwaka 1912, ikiishia Namasagali, bandari ya Mto Nili. Hapo abiria aliingia katika meli ya gurudumu la nyuma, ama Speke, ama Stanley, ama Grant, akalivuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Mbele ya hapo maporomoko ya Karuma na Murchison hayapitishi chombo chochote, hivyo watu na mizigo walipakiwa katika malori mwendo wa kilomita 120 hivi, wakateremka ule mteremko mkali hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert.

Maisha ndani ya meli za Kyoga yalikuwa shule ya pekee. Abiria wa daraja la tatu hakuwa na chumba. Alitandika mkeka wake mahali alipopata, kati ya masanduku ya bati, baiskeli, kuku na robota za pamba. Ziwa hilo ni la kina kifupi, limejaa mafunjo na mayungiyungi, na meli ilikwenda taratibu mno. Kwa askari aliyezoea tarumbeta ya alfajiri, ile ilikuwa siku ya kwanza katika miaka mingi bila mtu wa kumwamuru aamke. Wengine waliamka vile vile, wakasimama ukingoni wakiyatazama maji, wasijue la kufanya na mikono yao.

Wake zao walijua la kufanya. Mama aliyeishi miaka kumi katika chumba kimoja cha kambi alikuwa fundi wa kupika mahali padogo, kufua kwa maji machache, na kuwazuia watoto wasiende ukingoni. Mama wa Kinubi aliweza kusuka kawa tangu bandari moja hadi ya pili. Na Mlugbara, Mwaluri, Mmadi na Mkakwa, kila mmoja na lugha ya mamaye, waliuliziana chumvi kwa Kiswahili cha jeshini, ambacho kina amri nyingi kuliko tafadhali.

Lakini jambo kubwa katika safari hiyo lilikuwa mfukoni. Askari aliyeachishwa alibeba akiba na kiinua mgongo chake, na njia yote ilikuwa na vituo: Namasagali, Masindi Port, Masindi mjini, Butiaba. Kila kituo kina duka, pombe, na rafiki mpya anayecheka sana. Mtu asiye na kazi ya kufanya kutwa nzima, mwenye fedha asizowahi kuzishika kwa pamoja, ni windo rahisi. Mwenye busara alimpa mkewe noti azifunge katika nguo ya mtoto, akabaki na senti za tumbaku. Pale Butiaba angeweza kununua angara, samaki wa Ziwa Albert wapendwao hata leo katika soko la Arua, awapelekee wazee. Asiye na busara alifika kwao na sanduku tupu na hadithi ndefu za Burma.

Butiaba ilikuwa na meli nzuri kupita zote, Robert Coryndon, iliyotengenezwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa mwaka 1930. Ziwa Albert halina upole wa Kyoga. Upepo hushuka ghafla kutoka milima ya Kongo, na mawimbi yake humkumbusha mtu bahari. Mwaka 1876 Mtaliani Romolo Gessi alilizunguka kwa mashua mbili za chuma zenye matanga, naye alipata taabu ya dhoruba si haba. Kaskazini ya ziwa, Pakwach, mto huwa mpana na mtulivu. Chombo kingine, Lugard, kiliendelea mpaka Nimule, na njiani kilitua Rhino Camp.

Hapo ndipo mtu wa Arua aliposhuka. Palikuwa pamebaki kilomita zaidi ya 50 za kupanda kuelekea mjini, kwa lori likipatikana, kwa miguu lisipopatikana. Kwa wa Koboko ziliongezeka nyingine 55 hivi, hadi karibu na mahali Uganda, Kongo na Sudan Kusini ya leo zinapokutana. Jioni ya kwanza aliketi mbele ya enyasa, ugali wa muhogo na wimbi, na watu waliomwacha kijana wakiutafuta uso wake.

Njia hiyo haipo tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya maziwa yalipanda mno, bandari ya Butiaba ikaharibika, na Robert Coryndon ikazama palepale. Mabaki yake yalikatwa kuwa vyuma chakavu. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964, haikuvuka kwenda Arua. Mwaka 1979 na 1980, vita vilipoingia West Nile, wazee wengi waliorudi kwa meli walizifunga nyumba zao wakakimbilia Sudan na Zaire, safari hii kwa miguu. Waliojaliwa kurudi walianza kujenga upya wakiwa na mvi.

Leo mstaafu wa jeshi au polisi hupanda basi Kampala jioni, akavuka daraja la Pakwach akisinzia, na asubuhi yumo Arua. Barabara ya lami humfikisha Koboko kabla ya saa sita mchana. Fedha zake hazipiti Namasagali wala Butiaba. Mkewe, hata hivyo, bado huzifunga katika nguo ya mtoto.