Upele Katika Kisiwa cha Ticantiquí

Wasomaji wengi wanaijua nchi ya Panama kwa ajili ya mfereji wake upitiwao na meli kubwa. Lakini kwenye pwani yake ya kaskazini, upande wa bahari ya Karibi, viko visiwa vidogo vya matumbawe vilivyoitwa zamani San Blas, na siku hizi Guna Yala, makao ya kabila la Waguna. Watu hawa hulima barani, nao huvuka kwa mitumbwi kuleta mazao yao. Visiwani hamna nafasi. Nyumba za fito zilizoezekwa makuti, kama za pwani yetu, zimesongamana hata mtoto akikohoa huku, jirani humsikia kule.

Mahali pa namna hiyo upele hustawi. Kidudu chake ni kidogo mno. Jike hujichimbia njia ndani ya ngozi akataga mayai humo. Naye mtu aambukizwaye mara ya kwanza huenda asianze kujikuna mpaka zipite wiki nne hata sita, na muda huo wote anawagawia wenziwe bila kujua. Kwa hiyo kumtibu yule ajikunaye peke yake ni kutwanga maji kinuni: leo apona, kesho arudishiwa na ndugu alalaye naye.

Katika miaka ya 1980, David Taplin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Miami walikuta Ticantiquí, kisiwa chenye watu 756, watu 33 katika kila mia wana upele. Basi wakatibiwa wote, mzee na mtoto, mwenye mwasho na asiye nao, kwa kupakwa marhamu ya permethrini. Upele ukashuka hata chini ya mtu mmoja katika mia, na vidonda vyenye usaha vikapungua sana.

Walakini kazi kubwa ilikuwa bado, nayo ni kazi isiyo na sifa: kuwakagua watu daima, na kumtibu kila aliyeingia kisiwani na upele. Iliendelea hivyo kwa miaka mitatu. Mara moja dawa na uangalizi vilikatika kwa wiki tatu tu, wagonjwa wakafika 36 katika kila elfu.

Kisha, Desemba 1989, majeshi ya Marekani yakaivamia Panama, na mpango wote ukavunjika. Haikupita miezi mitatu, upele ukawa umewarudia watu 12 katika kila mia.