There is, there are, na Mto Momba

Kuna neno moja la Kiingereza linalowatesa watoto wa Chitete pengine kuliko hesabu za sehemu. Neno lenyewe ni "there". Siyo ile ya kunyooshea kidole, hiyo wanaielewa. Nasema ile inayoanza sentensi bila kuonyesha kitu chochote: there is a river, there are hills.

Wadau, kwa msiopafahamu, Chitete ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Wilaya ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, mkoa ukazaliwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Nilikwenda huko kufuatilia habari ya ufuta, niliyekuwa namsubiri akachelewa, nikajikuta kivulini na kijana wa kidato cha kwanza akiwa na daftari lake. Zoezi lilikuwa kueleza mahali unapoishi. Kaandika: "In Momba have big river." Mwalimu kapitisha mstari mwekundu, alama mbili kati ya kumi.

Sasa hebu tumtendee haki huyu dogo. "Kuna" ni nini? Ni "ku" ya mahali pamoja na "na" ya kuwa na kitu. Yaani mahali pana mto, mahali ndipo penye mali! Ndicho alichoandika, neno kwa neno. Kafikiri sawasawa, ila kafikiri Kiswahili.

Tena Kiswahili kinamdekeza. Kinampa "pana" kwa mahali panapojulikana, "kuna" kwa eneo la jumla, "mna" kwa ndani. Kiingereza hakijali hayo, chenyewe kinataka uhesabu kwanza: mto mmoja "is", milima miwili "are". Ukija kwenye "-ni" yetu ndiyo balaa. Natoka mlimani, nakwenda mlimani, nakaa mlimani, neno halibadiliki. Mwingereza hapo anataka from, to na on, na ukikosea anakutazama kama umemtukana.

Halafu "the". Mto unaitwa the Momba, lakini ziwa unakomwaga maji ni Lake Rukwa, bila "the". Mlima nao ni Mount Rungwe, hauna. Kisa? Mazoea tu ya wenye lugha. Mtoto anakariri, basi. Kuhusu mvua ndiyo alinimaliza kabisa. Kwetu mvua inanyesha, mtendaji anajulikana. Kwao "it is raining". Kijana akaniuliza, "Kaka, hiyo it ni nani?" Nikamwambia ni mtu asiyekuwepo, amewekwa ili sentensi isiwe na kiti kitupu. Alicheka, lakini nadhani alinielewa.

Misamiati nayo ina vituko. Vitabu vingi vinaanza na spring, summer, autumn na winter. Momba kuna mvua na kuna kiangazi, mwisho. Wakati huo huo rangi zetu kadhaa zimeokotwa shambani na jikoni: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa (jirani zao wa Mbozi wanailima), zambarau ni tunda. Anzia hapo uone kama mtoto atasahau "brown".

Kilichoniuma ni hiki. Nilipomwambia anieleze mto kwa Kiswahili, alinipa somo zima la jiografia. Maji ya masika yanavyobadilika rangi, udongo unavyosombwa kuelekea bondeni, na kwamba Rukwa inapokea mito lakini haina mto unaotoka. Huyo ndiye wa mbili kati ya kumi! Na akiingia kwenye jiografia na biolojia atapimwa kwa Kiingereza hicho hicho. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilifungua mlango wa Kiswahili kufundishia hadi ngazi za juu, lakini sekondari zimeendelea na Kiingereza. Mimi sipingi Kiingereza, Tunduma ni mpakani na Nakonde iko pale ng'ambo, kinamfaa sana. Napinga mtoto kuonekana hajui mto wake kwa sababu ya "there is".

Kama mwalimu anatafuta mfano, upo humo humo wilayani. Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna. Ni cha aina adimu mno, na wanasayansi wa dunia nzima wanaliita kundi lake CI, hiyo herufi I ikiwa ya Ivuna. Sampuli ambazo Wajapani walizileta mwaka 2020 kutoka kwenye asteroidi ya Ryugu zilipopimwa, zikaonekana kufanana na vimondo vya kundi hilo. Yaani Kiingereza cha maabara kimeazima jina kutoka Momba. "There is a place called Ivuna." Sentensi ya kwanza hiyo, is na siyo are, na hakuna haja ya kumtafutia theluji.