Sokoni Chichicastenango: Kuuliza Bei kwa Kihispania



Leo twende soko la mbali. Katika nchi ya Guatemala, Amerika ya Kati, uko mji mdogo wa milimani uitwao Chichicastenango, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kila Alhamisi na Jumapili watu hutoka vijijini na mizigo yao, wakaujaza uwanja ulio mbele ya kanisa la Mtakatifu Tomasi. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1540 hivi, na mbele yake zipo ngazi 18 za mawe. Hapo ngazini akina mama huuza maua, na moshi wa ubani hupanda. Chini yao utaona mahindi, maharagwe, pilipili, vyungu na nguo za rangi zote.

Je, ukijaliwa kufika, utanunuaje? Yafaa kwanza ujue namna ya kusoma Kihispania. Herufi h haitamkwi. Ñ ni ny yetu. Ll ni y. V ni b. Nayo j hutoka kooni, kama kh.

Usianze na bei, anza na salamu, kama kwetu. Sema "Buenos días, señora" (buenos dias, senyora). Naye atakujibu na kukukaribisha: "Pase adelante."

Ndipo uulize: "¿Cuánto cuesta?" (kwanto kwesta), yaani, bei gani? Atakutajia kwa quetzal, fedha ya huko tangu mwaka 1925, yenye jina la ndege mzuri wa kijani. Basi shika hesabu hizi: diez ni 10, veinte 20, cincuenta 50, cien 100.

Ukiona bei ni kubwa, sema kwa upole: "Está muy caro" (esta mui karo), ni ghali sana. Kisha: "¿Cuánto es lo menos?" Mwisho wake kiasi gani? Au taja yako: "¿Me lo deja en cincuenta?" (me lo dekha en sinkwenta), waniachia kwa 50? Mkipatana: "Me lo llevo" (me lo yebo), nakichukua. Kama watazama tu: "Solo estoy mirando, gracias."

Sasa nisikilizeni vema. Nguo inayosifiwa zaidi sokoni hapo ni huipil (wipil), blauzi ya akina mama. Hufumwa kwa mkono: nyuzi hufungwa upande mmoja mtini au nguzoni, upande wa pili kwa mkanda kiunoni mwa mfumaji. Moja yaweza kumchukua miezi. Kupatana bei ni desturi, hakuna achukiaye. Lakini mgeni mwenye fedha akizidi kubana, na jua linakuchwa, na mama hana nauli, mama hukubali hata bei isiyolipa uzi. Huko ni kumnyang'anya kwa adabu. Sisi wakulima twaujua uchungu huo: mnunuzi hufika wakati wa karo ya shule, akajitajia bei ya mahindi yetu.

Basi, fanya hivi. Uliza kwa wauzaji watatu upate kuijua bei ya kawaida. Usitaje bei usiyokusudia kulipa. Muuzaji akiikubali bei uliyotaja, lipa, usirudi nyuma.

Tena kumbuka kwamba kwa wengi wa wauzaji hao Kihispania ni lugha ya pili. Nyumbani husema K'iche', lugha ya Wamaya. Padre Mdominiko Francisco Ximénez, aliyekuwa paroko wao miaka ya 1701 hadi 1703, alijifunza lugha hiyo hata akanakili na kufasiri Popol Vuh, kitabu cha masimulizi ya wazee wao. Kwako wewe neno moja latosha wakati wa kuaga: "Maltyox" (maltyosh), yaani asante. Litamke baada ya kulipa haki yake, nawe utaagwa kama jirani.