Kibuyu cha Jivu Uchagani

Bibi alikuwa na amri moja juu ya matunda ya mnavu: meusi leni, mabichi msiyaguse. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, kwenye shamba lake la migomba na kahawa upande wa kusini wa Mlima Meru, na sisi wajukuu tulijua kuwa tunda la kijani lina sumu ya kuumiza tumbo. Leusi lilikuwa halali yetu. Tulirudi nyumbani na ndimi za zambarau, viganja vimelowa utomvu, na bibi hakutugombeza hata siku moja.

Mnavu wenyewe haukupandwa, au ndivyo nilivyoamini. Masika yakishika, ulichipua kando ya mfereji, jalalani, na pale ng'ombe walipofungwa. Siku za palizi jembe la bibi lilipita kwenye magugu yote, likifika kwenye mnavu likauzunguka. "Huo uache, mjukuu wangu," aliniambia kila nilipousogelea. Jioni alichuma ncha laini kwa kucha, shina akaliacha lichipue tena. Alichemsha majani, akamwaga maji ya kwanza ili uchungu upungue, akayakaanga kwa kitunguu, akamalizia na maziwa. Tulikula na ugali, na kila tonge liliacha uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Sijakutana na mboga nyingine yenye ladha ile.

Halafu tukaanza kuuonea haya. Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka tu kwamba wageni wakija mnavu haukutengwa tena. Ilipikwa kabichi au chainizi, mboga za dukani na za bweni, mboga za watu waliosoma. Mnavu ukaitwa mboga ya shida. Bei ya kahawa ilipoanguka baada ya mwaka 1989, majirani waling'oa mikahawa wakapanda nyanya, na hapo mnavu ukapata adui wa kweli. Mnavu na nyanya ni ukoo mmoja. Huugua magonjwa yale yale na huvamiwa na wadudu wale wale, hivyo mkulima wa nyanya anayeujali mfuko wake hawezi kuuacha ukue pembeni. Simlaumu. Aliung'oa mpaka kwenye kingo za mfereji, na alikuwa na watoto wa kusomesha.

Bibi alifariki mwaka 1994. Shamba likagawanywa, na miaka michache baadaye nilizunguka vipande vyote kutafuta mnavu wa kutosha sufuria moja. Nilirudi na majani yasiyojaa kiganja.

Niliukuta tena mahali ambapo sikuutarajia: soko la Tengeru, Jumamosi, mafungu kwa mafungu, majani mapana kama kiganja cha mtu mzima. Nilisimama nikiangalia. Kumbe wakati sisi tunaona haya, kulikuwa na watu wanaukusanya. Kituo cha utafiti wa mboga, tawi la taasisi ya kimataifa yenye makao yake Taiwan, kilianza kazi hapa Arusha mwaka 1992, na watafiti wake walichukua mbegu za mboga zetu za asili, wakazipanda, wakazichuja. Aina mbili za mnavu zilizotoka katika kazi hiyo zinaitwa Nduruma na Olevolosi, majina ya huku huku kwetu. Niliposikia majina hayo nilifurahi kama mtu aliyesikia jina la ukoo wake likisomwa kwa heshima.

Nikaamua kupanda nyumbani. Nilinunua matunda meusi kwa muuzaji, nikayakamua kwenye gazeti, nikayaanika juani, nikasia. Wiki mbili, hakuna kilichoota. Nikarudia, ikatoka miche mitatu, miwili ikafa. Safari ya tatu nilimweleza yule mama aliyeniuzia matunda.

"Uliziosha, dada?"

Sikuwa nimeziosha.

"Ndiyo maana. Ule utelezi wa tunda wenye sukari ndio unaozizuia."

Akanifundisha pale pale, mkono ukiendelea kufunga mafungu. Ponda matunda yaliyoiva kabisa, yatie kwenye bakuli la maji, yaache usiku kucha. Asubuhi yasugue, uongeze maji, umwage: maganda na mbegu mapepe huelea, mbegu nzima huzama. Rudia mpaka maji yawe meupe. Anika kivulini, si juani. Zikikauka, changanya na jivu uweke pakavu.

Aliposema jivu, moyo ulinishtuka. Kwenye uchaga wa jiko la bibi, juu ya mafiga, kulikuwa na kibuyu kidogo chenye jivu. Miaka yote nilidhani ni dawa ya mtu mzima, kitu cha kutoguswa na watoto. Hapo sokoni nikaelewa. Mnavu wa bibi haukuwa ukijiotea. Aliuzungushia jembe kwa makusudi, aliacha mashina mazuri yaive bila kuchumwa, alitutuma watoto tukimbie shamba zima na matunda mdomoni tukidondosha mbegu, na mwaka ambao haukutosha alishusha kibuyu. Alikuwa mkulima wa mnavu maisha yake yote, na sisi tukaona magugu.

Sasa nasia kila msimu. Mbegu ni ndogo mno, nazichanganya na mchanga ili zisimwagike mahali pamoja, nazifunika kwa udongo mwepesi usiozidi sentimita moja, kisha nyasi kavu juu. Kwa kawaida baada ya wiki moja zinachungulia. Miche ikifika wiki ya nne naihamishia kwenye tuta lenye samadi nyingi, sentimita 30 kati ya shina na shina, na kamwe si pale nyanya zilipokuwa. Maua yakitokea nayakata, la sivyo majani huwa madogo. Ukame ukija, uchungu huzidi. Maji ya kutosha huufanya kuwa laini.

Jambo moja ninalishikilia sana, kwa sababu naona wengi wanalikosea: mbegu haichukuliwi kwenye mashina yaliyochoka kuchumwa. Chagua mapema mashina matano yenye afya, yafunge uzi, usiyaguse mpaka matunda yaive.

Huu wa majani mapana naupenda, ni mwororo na unajaza sufuria haraka. Lakini siyo ule. Ule wa bibi, wa majani membamba, niliupata mwaka juzi nyuma ya migomba ya shangazi yangu, mashina mawili, yamebanwa na mfereji. Nilimwomba asiyapalilie. Nina tuta lake peke yake sasa, na mbegu zake zimo kwenye chupa ya jivu juu ya kabati la jiko. Kama nyuma ya nyumba yenu kuna shina la namna hiyo, mwambie anayeshika jembe aliache.