Kumbe najulikana kama njia ya sokoni!

Mwenzenu nimeanza mpira wa meza enzi zile za kufikisha pointi 21, unaanzisha mara tano ndipo unampisha mwenzako. Mwaka 2001 wakapunguza: pointi 11, unaanzisha mara mbili tu. Ukipoteza hizo mbili, seti inaanza kukuponyoka.

Basi bwana, kuna jamaa wa ofisini, mtu wa mahesabu, kitambi kunizidi. Alinifunga Jumamosi sita mfululizo! Wala hana shuti la kutisha. Yeye anajisimamia tu pale pale mpira wangu unapokwenda. Ile ya sita ndiyo iliyoniuma, maana ilikuwa ya kuamua nani abaki kwenye timu ya ofisi. Nikaambiwa kwa adabu zote, "Mzee, pumzika kidogo, utusaidie na maji." Miaka kumi na miwili kwenye timu, leo nibebe ndoo!

Binti anayetuhesabia pointi akanivuta pembeni. "Anko, usinikasirikie. Ukifuta kiganja mezani, unapiga mrefu, kushoto kwake. Usipofuta, mfupi. Hata mimi nimeshakujua."

Nilichoka. Kumbe siku zote nilikuwa namtangazia mtu!

Nikadhani dawa ni kuchanganya tu. Wapi! Kichwa ukikiachia kichague, kinakwenda kwa zamu: mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Nikachukua dadu ya ludo ya watoto. Moja, mfupi wa kukata. Mbili, mfupi usiozunguka. Tatu, mrefu kulia. Nne, mrefu kushoto. Tano na sita narusha tena. Nikaandika orodha, nikaikariri. Mama watoto akanikuta usiku wa manane narusha dadu peke yangu na kuandika namba. Akaniuliza kama nimeanza kamari.

Kazi kubwa ilikuwa ile namba moja na mbili. Ukiukwangua mpira kwa chini, mwenzako akiugusa tu unazama wavuni. Ukiusukuma bila kuuzungusha, naye akadhani umekata, anauinua juu, unamtandika. Lakini mkono lazima uende vile vile kwa yote mawili. Yule Msweden, Jan-Ove Waldner, bingwa wa Olimpiki ya Barcelona 1992, alisifika kwa ujanja wa namna hiyo. Mimi ilinichukua miezi miwili ukutani kwa jirani, na jirani hasalimii tena.

Nikaomba mechi ya marudio. Seti mbili kwa mbili, ya mwisho 9-9, zamu yangu kuanzisha. Orodha nimeshaisahau, jasho linanitoka. Nikafuta kiganja mezani, taratibu, aone vizuri. Jamaa akarudi nyuma, akaegemea kushoto. Nikamdondoshea kafupi karibu na wavu. Alikuja mbio, kitambi kikagonga meza. 10-9.

Nikafuta tena. Safari hii akasogea mbele, hadanganyiki mara mbili bwana! Nikampelekea mrefu kushoto, ule ule wa miaka yote. Akabaki anautazama.

Ndoo sasa anabeba yeye. Nikaenda kumshukuru yule binti, nikamnunulia na soda. Akanywa, akacheka.

"Lakini Anko, siku hizi ukitaka kupiga mfupi, unatoa ulimi."