Njia za Shamba na Amana ya Miguu

Ndugu msomaji, mwanadamu alipewa miguu miwili kabla ya kupewa gari, naye ataulizwa juu ya miguu hiyo kama atakavyoulizwa juu ya mali yake na umri wake. Wengi wetu tunaihesabu afya kuwa ni jambo la hospitali, hali afya ni amana, na mwenye amana hangoji iharibike ndipo aanze kuitunza. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda ukaona halimhusu mwalimu wa chuo: kukimbia na kupanda baiskeli katika njia za mashamba, huku kwetu Kibaha na kwa jirani zetu wa Kisarawe.

Nianze na sababu. Katika miaka hii ya karibuni nimewasalia maiti wengi ambao umri wao ulikuwa mdogo kuliko wangu, nami nimekwisha kupita sitini. Ukiuliza amekufa na nini, utajibiwa: presha, au sukari, au kiharusi. Ajali ni kudra ya Mwenyezi Mungu na maradhi vilevile ni kudra yake, lakini tumeamrishwa kufunga ngamia kwanza, kisha ndipo tutegemee. Baba zetu walikwenda kwa miguu shambani, sokoni na msikitini. Sisi tunapanda bodaboda kwenda duka ambalo tunaliona kwa macho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Gawanya, utaona ni nusu saa kwa siku 5. Ni nani kati yetu asiyetumia nusu saa barazani akisengenya?

Basi nikaanza kuwatoa wanafunzi wangu asubuhi ya Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri. Wavulana wanakwenda nami, na mabinti wana wakati wao na mwalimu wao wa kike. Haukupita mwezi wakanijia baadhi ya wazazi, wamenuna. Wakasema, "Sheikh, tumekuletea watoto wasome, hatukuwaleta wakimbie." Nikawaambia: jamani, ni kitabu gani kinachokataza? Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha, mara ya kwanza Bi Aisha akashinda, na mara nyingine, baada ya muda kupita, Mtume akamshinda. Wanazuoni wa fikihi nao wameweka katika vitabu vyao mlango mzima wa mashindano ya mbio na kutupa mishale. Aliyeuita mchezo huu upuuzi, na akautazame mlango huo kwanza.

Nikawakumbusha pia habari ya nchi yetu wenyewe. Tarehe 2 Februari 1974, mimi nikiwa kijana mdogo, Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alikimbia mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo wa mbio hata mwisho, akaweka rekodi ya dunia. Bwana huyo baadaye alijenga shule hapa hapa Kibaha, Mkuza. Watoto wetu wanapita mbele ya lango lake kila siku, nao hawajui aliyeijenga alifanya nini. Wazee wale wakacheka kidogo, na mmoja wao siku hizi huja nasi, anatembea nyuma na fimbo yake.

Sasa nikueleze njia zenyewe, msomaji, ili ukitaka kuja usipotee. Ukiwa Kibaha mjini, iache barabara kuu ya Morogoro upesi uwezavyo. Barabara hiyo ni ya malori yaendayo Zambia, Kongo na Rwanda, nayo haina huruma na mtu wa baiskeli. Shika njia ya vumbi iendayo kusini, upande wa Soga. Huko utapita chini ya mikorosho na miembe, na katika miezi ya kipupwe mikorosho inapotoa maua, harufu yake ya asubuhi inatosha kumfanya mtu amshukuru Mola wake. Hapo Soga utakutana na reli mbili. Ya kwanza ni ile iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ya pili ni reli ya kisasa ya umeme, ambayo imeanza kuchukua abiria mwaka 2024. Vuka palipowekwa pa kuvukia tu, kwani treni hii mpya haina moshi wa kukuonya, na ukiiona imekwisha fika.

Mwenye pumzi ndefu na aende Mlandizi. Hapo karibu pana mto Ruvu na mtambo wa maji wa Ruvu Juu, ambao tangu mwaka 1959 unapeleka maji Dar es Salaam. Kutoka Mlandizi njia inaelekea kusini, ikapita Mzenga mpaka Maneromango, katika wilaya ya Kisarawe. Ni njia ya baiskeli, si ya miguu ya mwanafunzi. Lakini usiijaribu wakati wa masika, kwani tope la huko likishika gurudumu haliachi.

Njia ya tatu ndiyo nzuri kupita zote. Ni ile ya kupanda vilima vya Pugu kwenda Kisarawe. Hapo Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha, hata mwaka 1955 alipoacha ualimu ili aitumikie TANU. Ukiendelea kupanda utaikuta misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya msitu wa pwani uliokuwa mkubwa zamani. Kuna mapango yaliyochimbwa udongo mweupe wa kaolini, na ndani yake popo hawana hesabu. Msitu huu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Basi ingia kwa mlango, lipa kiingilio, na umchukue mwongozaji.

Msomaji wangu, usidhani nimeisifu mandhari ili ufurahishe macho tu, urudi kwako. Njia hizi zina wenyewe, na hapo ndipo penye mtihani. Siku moja tulikuwa tukikimbia upande wa Soga, tukampita bibi mmoja mtu mzima akipalilia muhogo wake. Akasimama, akashika kiuno, akauliza, "Wajukuu zangu, mnakimbizwa na nani?" Kijana mmoja akajibu, "Shikamoo bibi. Tunaikimbia sukari." Akasema, "Marahaba. Basi njooni mlime, jembe lipo. Huku sukari haiji." Tulicheka, lakini neno lile liliniingia. Jumamosi iliyofuata tulikwenda na majembe, vijana 14, na kabla jua halijawa kali shamba la bibi lilikuwa limekwisha. Alitupa madafu. Nakwambia kweli, hakuna aliyesema siku ile kwamba hakufanya mazoezi.

Mtihani wa pili uko Pugu. Unapopanda mlima kwa baiskeli yako nyepesi, utakutana na kijana anayeshuka na baiskeli nzito, nyuma yake magunia ya mkaa yamepita kichwa chake, na breki yake ni soli ya kandambili anayoiburuza chini. Wewe umekuja kupunguza uzito, yeye anabeba uzito. Kijana wetu mmoja alimpigia kelele mtu kama huyo apishe njia, akaongeza kwamba ni wao wanaoumaliza msitu. Nikalisimamisha kundi zima. Nikawauliza, "Nyumbani kwenu jana usiku mlipikia nini?" Wakanyamaza, kwani wote walipikia mkaa.

Ni kweli kwamba msitu unaliwa. Na msitu ule si pambo. Katika vilima vile ndiko unakoanzia mto Msimbazi, unaoshuka mpaka Jangwani katikati ya Dar es Salaam. Mti ukikatwa huko juu, mvua haina cha kuizuia. Huchukua udongo, udongo hujaza mto, na mto uliojaa hutafuta nyumba za watu. Waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011 wanajua ninalolisema. Lakini dhambi hii haimo katika gunia la muuzaji peke yake. Imo katika jiko la mnunuzi pia, na mnunuzi ni mimi na wewe. Mwenye uwezo wa kununua gesi na anunue. Asiyeweza na atumie jiko linalobana moto. Na anayemlaumu mchoma mkaa amtafutie kazi kwanza, ndipo amlaumu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukija katika njia zetu, chukua adabu nne. Kwanza, toa salamu. Mtu wa shamba hakuulizi unakimbia mwendo gani, anatazama kama umemwona. Pili, vaa nguo ya stara, mwanamume na mwanamke, maana unapita mbele ya nyumba za watu na wazee wao. Tatu, usikate shamba la mtu ili ufupishe njia, na usichume embe lililoinama, hata kama hakuna anayekuona; yuko anayekuona. Nne, ondoka na chupa yako ya maji. Sote tumefundishwa kwamba kuondoa kitu chenye madhara njiani ni sadaka. Basi huyo anayekiweka anajiandikia nini?

Na nyinyi wenzangu, wenyeji, nina neno kwenu. Tunauza viwanja mpaka ukingo wa njia, kisha tunalalamika kwamba watoto wanagongwa barabarani. Njia ya miguu iliyopitwa na mababu zetu ina haki. Mnapopima ardhi ya kijiji, iacheni ipumue. Waachieni watoto mahali pa kupita kwenda shule na chuo, na wazee mahali pa kutembea. Ukuta ukishajengwa, hakuna mkutano wa kijiji utakaouvunja kwa urahisi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe siha tuitumie katika kheri, ailinde misitu yetu na wanaoishi kandokando yake, na aifanye miguu yetu iwe shahidi mwema kwetu siku ambayo midomo itafungwa. Amin.