Pete ya Mama Mjane: Safari toka Kasongo mpaka Kabambare

Toka Kasongo mpaka Kabambare ni zaidi ya kilometa 100 upande wa mashariki. Katika wakati wa mvua njia ni matope matupu, na mtu wa pikipiki anaweza kulala njiani. Mimi nililala mara moja, katika kijiji cha Wabangubangu, ambako walinipa bugali na samaki ya mto Luama.

Mji wetu wa Kasongo ni mji wa mizani tangu zamani. Wakati wa Tippu Tip, pembe za tembo zilikusanywa hapa mbele ya kupelekwa pwani, na watumwa pia walipita njia hiyo. Wabelgiji waliukamata mji Aprili 1893. Biashara ile imekufa, lakini Kiswahili kilibaki, na desturi moja ilibaki pia: mwenye mizani ndiye anayesema beyi, na mwenye mali ananyamaza.

Leo mali yenyewe ni zahabu. Kaskazini ya Kabambare kuna Namoya na Salamabila, ambako watu wanachimba tangu siku za Wabelgiji. Kampuni ya Banro ilianza huko kazi kamili ya viwanda mwaka 2016, lakini vita vya silaha vilisimamisha kazi yake mwaka 2019. Wachimbaji wa mikono wao hawakuacha.

Kabambare nilipokewa na mama mmoja mjane. Bwana yake alikuwa mchimbaji. Alimwachia vitu viwili: pete ya ndoa isiyo na jiwe, na mkufu wenye jiwe la rangi ya zambarau. Mtoto wake wa kwanza alikuwa karibu kufanya mtihani wa serikali na franga zilikosekana.

« Pasta, » akaniambia, « mnunuzi mmoja amesema pete ni shaba tu. Anataka kunipa franga za sabuni. Basi nitamwachia, lakini mkufu nitauficha. Huo njo utajiri wangu. »

Nikamwomba angojee kwanza. Kijana mmoja wa kwaya ananunua mchanga wa zahabu. Akaleta mizani yake ndogo na kioo cha kukuza. Tukakaa chini ya mwembe, watoto wakituzunguka.

Kwanza tukapima pete katika hewa: gramu 6,2. Kisha tukaifunga kwa uzi mwembamba, tukaining'iniza ndani ya kikombe cha maji bila kugusa chini wala pembeni. Mizani ikapungua gramu 0,4 tu. Hapo kijana akacheka kwa furaha. Sababu gani? Gawanya 6,2 kwa 0,4, unapata 15,5: ndio uzito wa pete ukiulinganisha na maji ya ukubwa uleule. Zahabu safi inafika 19,3. Shaba haifiki 9. Kama pete ingekuwa shaba, ndani ya maji ingepungua karibu gramu 0,7. Pete ya 15,5 inafanana na zahabu ya karati 18. Tukatazama ndani kwa kioo, tukaona namba iliyofutika kidogo: 750.

Vijana, mshike neno hili. Zahabu safi ni karati 24. Karati 18 maana yake sehemu 18 ni zahabu na 6 ni madini mengine, ni kusema 750 katika 1000. Basi pete ya gramu 6,2 ilikuwa na zahabu safi gramu 4,65. Redio ikitangaza beyi ya onsi, gawanya kwa 31,1 upate beyi ya gramu moja. Na mnunuzi akisema « tola », jua kwamba tola ni gramu 11,66. Hatakupa beyi yote ya redio, maana naye ana safari na faida yake, lakini utajua amekukata kiasi gani.

Kwa jiwe, karati ni kitu kingine: ni uzito, gramu 0,2. Msikubali mtu awachanganye. Tena jiwe halina beyi ya uzito peke yake. Wanatazama rangi, usafi wa ndani, namna lilivyokatwa, kisha uzito.

Tukachukua mkufu. Mama akautoa polepole kitambaani. Kijana akatazama kwa kioo, akanyamaza, akanipa mimi. Ndani ya jiwe niliona mapovu madogo ya mviringo, kama ya soda. Amatisto ya kweli haina mapovu ya namna ile. Tena amatisto inashinda tupa ya chuma. Kwa nyuma, mahali pasipoonekana, tupa ililikwaruza jiwe mara moja. Ilikuwa chupa iliyopakwa sifa.

Kumwambia ilikuwa vigumu kuliko njia yote ya matope. Nikafikiri kunyamaza, lakini mnunuzi naye alikuwa amemwambia uongo, na uongo mbili haziwezi kumlipia mtoto mtihani. Nikamwambia. Akakaa kimya. Kisha akauliza: « Na pete ni zahabu kweli? » Nikasema: « Kweli, mama. »

Kesho yake hakurudi kwa mnunuzi yule. Alikwenda na kijana kwa mwingine, pete ikapimwa mbele ya macho yake, akahesabu mwenyewe kwa kijiti mchangani. Mtoto akaandikishwa mtihani.

Asubuhi nilipokuwa nikifunga mzigo, nilimwona binti yake mdogo akichota maji, mkufu wa zambarau shingoni.

« Bwana yangu aliununua Kalemie, » mama akasema. « Alitembea nao siku nyingi mfukoni. Huo siupimishe tena. »